Naomba ushauri: nimenyimwa umeme wa fezi tatu kwenye jengo la zamani mjini, nilipe kodi ya miezi 6 au nihame?

Fundi_Mageti:
Habari zenu ndugu zangu. Mimi nachomelea milango na mageti, niko mji mmoja huku mashariki mwa Uganda, sitautaja maana mambo bado ya moto. Tuliondolewa barabara ilipopanuliwa, nikapata nafasi nyuma ya jengo moja la zamani la Wahindi katikati ya mji, pazuri, wateja wanapita mlangoni kabisa. Shida ni umeme. Mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla, iko moja, fezi moja, tunagawana watu sita, nikiwasha mashine taa za saluni zinafifia na dada wa watu anabaki na mteja nusu kichwa. Nikaomba fezi tatu, yaani umeme wa nguvu wa mashine kubwa, watu wa umeme wakaja wakapima wakasema sawa ila leta barua ya afisa wa mipango wa mji. Kufika kule naambiwa majengo ya mstari ule yatavunjwa yajengwe maghorofa kwa hiyo laini mpya hakuna, na hilo hawaandiki, ni mdomo tu. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi 6 kwa mpigo, laki saba kwa mwezi, anasema havunjwi mtu, hizo ni siasa za makansela, yaani madiwani. Jenereta inakula dizeli ya elfu thelathini kila siku na nina vijana wanne nyuma yangu. Nifanyeje?

Boda_wa_Stendi:
Lipa kaka. Hiyo plani ya maghorofa naisikia tangu niko shule.

MamaVitenge:
Asimsikilize mtu huyo jamani. Mimi nilikuwa Park Yard Kampala, pale kando ya Nakivubo, na sisi tulisema hivyo hivyo, maneno tu, maneno tu, mpaka usiku ule wa Februari 2017 soko likavunjwa, asubuhi nafika natafuta meza yangu naona vumbi na watu wanalia. Mzigo ulikuwa wa mkopo. Hizo milioni nne na laki mbili za kodi yako ya miezi 6 mwanangu usiziweke mahali ambapo mkubwa anakuambia kwa mdomo patavunjwa.

WayaMoto:
Mimi ni fundi umeme. Ndugu yangu, hata wangekupa barua leo, hizo waya za ndani za jengo la kizamani hazibebi mashine yako, ungeanza kutoa za zamani zote, na kazi lazima isainiwe na fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme. Gharama hiyo nani anakurudishia ukuta ukianguka? Tena tangu UEDCL, shirika la serikali la kusambaza umeme, wachukue kazi ya kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025 maombi yanapita kwao, kwa hiyo waulize wenyewe, ombi lako limekataliwa au limesimama? Ni tofauti kubwa.
Halafu swali, mashine yako ni ile ya kizamani ya koili, nzito? Kama ndiyo, tafuta ya invata. Inavuta moto kidogo, geti la kawaida unamaliza kwa fezi moja. Bado utahitaji waya wako mwenyewe kutoka kwenye mita, usichomeke kwenye soketi ya saluni. Hesabu dizeli ya mwezi mmoja uone kama haitoi mashine.

Mpangaji_Mzoefu:
Nyie wote mmeruka kitu kimoja: huyo mwenye nyumba ndiye mwenye nyumba kweli? Majengo ya Wahindi waliofukuzwa 1972 yana historia ndefu, wengine walirudishiwa kwa ile sheria ya 1982, mengine yakabaki kwa bodi ya mali zao, mengine watu wanakusanya kodi tu na hati hawana. 2019 kamati ya Bunge ilichunguza hayo. Nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi, yaani wakuangalizie hati iko kwa jina la nani, kwa namba ya ploti. Kaka, hilo kwanza kabla ya umeme.
La pili, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inataka mkataba wa maandishi kodi ikifika laki tano, na yako imepita. Katiba kifungu cha 26 inasema fidia ilipwe kabla mali haijachukuliwa, lakini mtu asiye na karatasi ataonyesha nini siku hiyo?
La tatu andika barua ya kuomba nakala ya huo mpango, sheria ya kupata habari ya 2005 inawapa siku 21 wajibu. Wakugongee muhuri nakala yako.

Fundi_Mageti:
Asanteni sana, mama pole kwa yaliyokupata. Mashine ni ya koili ndiyo. Nimempigia mwenye nyumba nikamwomba namba ya ploti, akanyamaza kidogo halafu akasema karatasi ziko kwa wakili. Nimemwambia nitalipa mwezi mmoja na risiti, akikataa natoka.

Mpangaji_Mzoefu:
Namba ya ploti usimsubiri yeye. Angalia risiti ya zamani ya maji au ya leseni ya mmoja wa hao wenzako sita, mara nyingi imeandikwa.

Fundi_Mageti:
Dada wa saluni anayo ya leseni. Jumatatu niko ofisi ya ardhi saa mbili.