Tupeane uzoefu: ulipoanza biashara ugenini, nani alikushika mkono?

Wadau, salaam. Walioanzia biashara ugenini, tuelezeni msaada wa kwanza ulitoka kwa nani. Naanza mimi.

Ni mtu wa Tanga, niko Minneapolis, Marekani, mwaka wa tisa. Usiku nilikuwa nafanya usafi hospitalini, mchana nakaanga mahamri na sambusa za oda. Benki waliniambia sina historia ya mkopo, na mwenyewe riba siitaki. Siku moja nimepeleka oda Karmel, lile jengo la maduka ya Wasomali, mama muuza madira akanisikia naongea na simu. "We ni wa wapi? Mimi nimekulia Eastleigh, Nairobi." Tukazoeana. Baadaye akaniingiza kwenye ayuuto yao, ambayo ni upatu huu huu wetu: wanawake kumi, kila mmoja anatoa dola 500 kwa mwezi, mmoja anabeba 5,000. Hakuna riba, hakuna karatasi.

Ila kuingia si rahisi. Yule mama alisimama mbele ya kijumbe, yaani msimamizi wa upatu, akasema, "Huyu akishindwa, nalipa mimi." Nami ni mgeni, wala si Msomali! Nikapewa zamu ya tisa, na ni haki yao, kwanza wanione. Nilipopata nafasi kwenye jiko la kukodi, mwenye zamu ya saba akanipisha. Hela ile ililipa kodi ya jiko, leseni na karai kubwa la kukaangia. Mpaka leo mwezi ukianza, kabla sijagusa kitu chochote, natenga ile 500.

Fundi wa Kayole:
Asante dada. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, fundi cherehani hapa Nairobi. Nilifika sina kitambulisho cha kukodia duka, hata laini ya kupokelea pesa ilikuwa ya muumini mwenzangu. Cherehani ya kwanza aliniachia mwanakwaya aliyepata safari ya Kanada. Akasema, lipa kidogo kidogo kwa mama yangu. Kazi ya kwanza ikawa sare za kwaya hiyo hiyo, na vitenge tuliletewa kwa basi na wenzetu wa Kampala, tunalipa tukishauza.

Ubaya pia niuseme. Likelemba yetu ya kwanza, yaani upatu wa Kikongo, mshika pesa alihama usiku, wiki moja kabla ya zamu yangu. Tulimwamini kwa kuwa ni wa lugha yetu, basi. Iliniuma sana. Siku hizi pesa inakusanywa na kukabidhiwa kikaoni hapo hapo, hailali kwa mtu.

Mkaazi wa Eastleigh:
Hapa mtaani wazee wanaikumbuka Garissa Lodge. Ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Serikali ya Siad Barre kule Somalia ilipoanguka 1991 na watu wakakimbia vita, wapangaji wakaanza kuuza nguo humo humo vyumbani: mchana duka, usiku malazi. Vyumba vikageuka maduka kabisa, na majengo mengine yakafuata mtindo huo.

Mzigo wa Guangzhou:
Mimi nilikuwa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika huko Guangzhou, China. Mtaji wangu haukujaza hata robo ya kontena, kwa hiyo Watanzania tulichanganya mizigo, na Kariakoo nikapata wa kumpa mali kauli, auze kwanza ndipo anilipe. Kosa langu ni kwamba miaka mitatu nilifanya biashara na Watanzania peke yao. Kariakoo ikidorora, wote tumekwama pamoja, hakuna wa kumkopesha mwenzake. Aliyenitoa hapo ni Mkongomani jirani yangu, aliwapigia simu wanunuzi wake wa Lubumbashi kwa niaba yangu. Tulielewana kwa Kiswahili tu. Kwa hiyo wa kwenu wakusimamishe, lakini tangu mapema uwatafute na wengine.

Binti wa Mwanza:
Mleta mada, na mwezi ambao huna hiyo 500 inakuwaje?

Mleta mada:
Imenitokea mara moja, baba alipofariki na hela yote ikaishia kwenye tiketi ya ndege. Nilimpigia kijumbe kabla ya tarehe, hapo ndipo penye heshima. Usingoje wakutafute. Wakanijazia wao, nikarudisha kwa miezi miwili. Na jioni ile ile, kabla sijasafiri, walikuja saba nyumbani kwangu na sufuria ya wali wao wa bariis, wakakaa nami mpaka usiku.