Mabomba ya GI ya mwaka 1996: nikate kipande kibovu, niweke PPR nyumba nzima, au nisubiri?

MamaNasra
Habari za jioni wakuu. Nyumba yetu iko Tabata, ilijengwa 1996, mabomba yote ni GI (yale ya chuma yaliyopakwa zinki) ya nusu inchi na yamefukiwa ukutani. Asubuhi nikifungua koki ya bafuni, maji yanatoka rangi ya chai kama dakika nzima ndipo yanakuwa safi. Jikoni yanatoka kwa nguvu, bafuni yanachuruzika tu. Halafu wiki iliyopita ule mpira wa chini ya sinki, wenye wavu wa waya, ulipasuka saa tisa usiku. Tumeamka ndala zinaelea.

Fundi wa kwanza kasema ng'oa yote, weka PPR, yale ya plastiki yanayoungwa kwa moto. Wa pili kasema kata palipooza, unga. Mume wangu anasema tusubiri hadi bomba lenyewe livuje. Nimsikilize nani?

Fundi_Pembeni
Dada, usimpe mtu hela bado. Funga koki zote ndani kisha kaitazame mita. Kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna mahali panavuja. La pili, fundi afungue kiungo kimoja cha laini ya bafuni, mchungulie ndani.

GI huanza kuoza kwenye meno, pale bomba linapoingia kwenye elbo (kiungo cha kona) au soketi (kiungo cha moja kwa moja). Wakati wa kukata meno zinki inaondoka na chuma kinabaki chembamba. Kama kutu iko kwenye viungo viwili vitatu na ndani ya bomba pako wazi, fundi wa pili yuko sawa. Kama tundu lenyewe limejaa magamba, kukata kipande ni kuhamisha ugonjwa.

kaka_wa_mbezi
Mimi niliunga viraka, naomba nikupe matokeo. Ilianza elbo moja ya bafuni. Miezi minne baadaye ikavuja ya jirani yake, maana fundi akikaza spana huku, mtikisiko unafika kwenye kiungo kingine ambacho kilikuwa kimeshikiliwa na kutu tu. Nimevunja ukuta mara tatu. Vigae vya rangi ile madukani havipo tena, kwa hiyo bafu langu lina rangi tatu na wageni wanadhani ndio mtindo.

Mwana_Kisauni
Huku Mombasa wengi twatumia maji ya kisima, yana chumvi, na GI haikai. Mimi nilihamia PPR na sijuti, ila nilikosea jambo moja: laini ya kutoka kwenye tangi ilipita juu ya paa bila kufunikwa. Jua likaila, ikapauka, ikawa yavunjika kama biskuti. Ya nje ifukieni au mwivishe kitu.

Na yeyote atakayekwambia PVC, ile plastiki ya kuunga kwa gundi, ni rahisi zaidi, ni kweli, kwa maji baridi. Usiifikishe kwenye hita. Ikipata moto italegea.

kaka_wa_mbezi
PPR nayo si malaika. Jirani yangu kawekewa na kijana aliyenunua mashine ya kuungia juzi, maji yakawa madogo kuliko yale ya GI.

Fundi_Pembeni
Hapo kuna mambo mawili ambayo watu hawaambiwi.

Kwanza kipimo. PPR hupimwa nje. Ile ya milimita 20 yenye alama PN20 (daraja la presha) ina ukuta wa 3.4, kwa hiyo tundu ni 13.2 tu. GI ya nusu inchi tundu lake ni kama 16. Ukibadilisha nusu inchi kwa 20 umejipunguzia maji mwenyewe. Chukua 25 kwa laini kuu, tundu lake ni 16.6, na 20 ibaki kwa kipande kifupi cha kwenda kwenye koki moja.

Pili moto. Mashine iwe nyuzi 260, bomba la 20 lipate sekunde 5, la 25 sekunde 7. Akizidisha, plastiki inayeyukia ndani na kufanya kizingiti. Huwezi kukiona baada ya kuunga, kwa hiyo mwambie aunge kipande cha majaribio akikate mbele yako. Na asipige plasta kabla ya kujaza maji na kuacha laini ilale na presha.

Bint_Unguja
Mnabishana mabomba, kilichomwamsha dada wa watu ni mpira! Hiyo mafundi wanaita fleksibo. Maji hushikwa na mpira wa ndani, waya wa nje ni wa kuuzuia usivimbe. Waya ukikatika, mpira unabaki peke yake. Dada, chini ya sinki unaweka nini? Kama ni chupa za dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, ule mvuke unakula waya hata uwe wa chuma kisichoshika kutu. Pitisha kitambaa kikavu: ukiona vidoa vya kahawia, waya unaochoma kitambaa, uvimbe au mkunjo, toa leo. Mimi hubadilisha kila miaka mitano, hata kama haujaonyesha dalili.

mzee_kiwembe
Miaka mitano ni biashara ya wenye maduka. Wangu una miaka 12.

Bint_Unguja
Shikamoo mzee. Wako unalishwa na tangi lililo juu kiasi gani?

mzee_kiwembe
Marahaba. Mita tatu hivi.

Bint_Unguja
Basi ndiyo maana. Mita kumi za kimo ndiyo baa moja ya presha, kwako haifiki hata theluthi. Dada yuko kwenye laini ya mtaa, na saa tisa usiku watu wamelala, presha inapanda. Mpira uliochoka unaweza kupasuka saa hizo.

mzee_kiwembe
Haya. Ila koki inayodondosha msimkimbize akanunue mpya. Ni washa tu, kile kipete cha mpira cha ndani ya koki, cha shilingi chache.

MamaNasra
Nimerudi. Mita haizunguki. Tumefungua laini ya bafuni: kile kipande ndani kimejaa magamba mekundu, penseli ya Nasra imegoma kupita. Ya jikoni penseli imepita na kucheza. Kwa hiyo bafuni tunang'oa yote na kuweka PPR ya 25, jikoni tunaacha kwa sasa. Fleksibo zote sita nimebadilisha, na mbili kati ya hizo zilikuwa na vidoa vya kahawia kama alivyosema Bint. Chupa ya klorini ndiyo, ilikuwa pale pale.

Kitu ambacho hakuna aliyeniuliza: usiku ule geti vali ya nje, ile koki kuu ya kuzungusha mara nyingi, ilikuwa imeganda, haikufunga hata robo. Nilikimbilia mita na khanga. Nimeweka boli vali, ile ya mkono unaofunga kwa robo mzunguko.

Mume wangu sasa ndiye anayezunguka na kile kipande kuwaonyesha majirani.

Fundi_Pembeni
Hiyo boli vali ifunge na kuifungua mara moja moja, nayo isije ikaganda.