Daktari wa familia kuogopa mgonjwa asome faili lake mtandaoni: ana hoja au anajilinda?

Mleta mada
Wakuu, kuna hizi akaunti za wagonjwa mtandaoni: unaingia kwa nenosiri, unaona majibu ya vipimo, dawa na maelezo aliyoandika daktari, na unaweza kumtumia ujumbe. Madaktari wa familia wengi hawazipendi. Malalamiko yao nayaona mawili, na moja limeshapitwa na wakati.

Hilo ni la kwamba mgonjwa akisoma maelezo atapata hofu na kusumbua watu. Marekani walilijaribu mwaka 2010 katika mradi wa OpenNotes. Madaktari zaidi ya 100 wa huduma ya msingi, wa Boston, Seattle na Pennsylvania, waliwafungulia wagonjwa maelezo yao kwa mwaka mzima. Mwishoni asilimia 99 ya wagonjwa walitaka iendelee, na hakuna daktari aliyejitoa.

Lalamiko la pili ni wingi wa jumbe, na hapo nasimama na daktari. Utafiti wa huko huko, uliochapishwa 2017, ulikuta madaktari wa huduma ya msingi wakitumia takriban saa 3 kwa siku kuonana na wagonjwa, na karibu saa 3 nyingine kwenye kompyuta: jumbe, maombi ya dawa, majibu ya maabara. Penye malipo kwa kila anayeonwa, saa hizo za kompyuta kwa sehemu kubwa ni za bure. Tatizo ni malipo na ratiba, mgonjwa asisingiziwe.

Daktari wa familia
Mkuu, umezika kitu kingali hai. Madaktari wa 2010 walijitolea wenyewe. Aliyekubali kwa hiari hawezi kumsemea aliyelazimishwa.

Tena mambo yamebadilika. Kwa kanuni iliyoanza Marekani Aprili 2021, majibu hayacheleweshwi yakishatoka, isipokuwa kwa sababu chache. Majibu ya kinyama, kile kipande kidogo kinachotolewa mwilini kwenda kupimwa, yanaweza kumfikia mgonjwa Ijumaa usiku, akasoma neno "saratani" peke yake, mimi nikayaona Jumatatu.

Kuna na hili halisemwi sana. Mama ananieleza kwamba mumewe anampiga. Nikiandika, na mume ndiye anayeshika simu na nenosiri la nyumba nzima, nimemweka mama hatarini. Nisipoandika, daktari atakayemwona baada yangu hajui kitu. Uingereza madaktari walipoambiwa wafungue rekodi kwa wote, hofu hii ilikuwa mezani. Kijana anayekuja kuuliza uzazi wa mpango huku mzazi anaingia kwenye akaunti yake ni kesi ile ile.

Mwenye kisukari
Daktari, la mume nimekuelewa. La Ijumaa usiku hapana. Mwaka 2023 zilitoka takwimu za wagonjwa zaidi ya 8,000 wa Marekani waliokwisha kupata majibu kwa njia hii: asilimia 96 walitaka kuendelea kuyapata papo hapo, hata kabla daktari hajayapitia. Kusubiri nako kunaumiza, ila nyinyi hamkuoni.

Na mimi ndiye niliyegundua faili langu halionyeshi mzio wa penisilini. Nani mwingine angelisoma kwa makini hivyo?

Mleta mada
Daktari, la kujitolea nakubali, sikulipa uzito. La mume linataka kitufe cha kuficha maelezo ya siku hiyo, na daktari amuulize mgonjwa faraghani nani mwingine anaingia humo. Kufungia watu wote kwa sababu ya hao ni kuwanyima wengi.

La kinyama, mgonjwa aulizwe siku anapotolewa hicho kipande: unataka uyaone mara moja, au tukupigie kwanza? Na jumbe zipitie kwa nesi, daktari apelekewe zinazomhitaji tu.

Daktari wa familia
Swali la kinyama nalichukua, kesho naanza kuuliza. Ila huyo nesi wa jumbe, mshahara wake unatoka fungu gani?