Faili langu la upasuaji wa kupunguza uzito limefungwa eti sikupokea simu. Walioko Kanada njooni hapa

Wakuu salama? Mimi humu ni msomaji tu wa kimya kimya ila leo nafungua uzi maana nikikaa nalo moyoni nitapasuka. Niko Ontario, Kanada, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, shifti ya asubuhi, saa moja mpaka saa tisa, na mara nyingi wanakuomba ubaki upige dabo. Ijumaa nimekuta barua mlangoni kutoka kwenye programu ya upasuaji wa kupunguza uzito ya hospitali moja (jina nalificha, sitaki kesi), inasema tumekutafuta kwa simu hatukukupata kwa hiyo tumefunga faili lako, kama bado unahitaji huduma mwambie daktari wako atume rufaa mpya. MPYA. Yaani vipimo vyote, semina ya utangulizi, nesi, mtaalamu wa lishe, vyote nilivyopita hesabu sifuri.

Sasa ngoja niwaambie hiyo simu yenyewe ikoje. Hospitali za huku zikipiga namba haitokei, skrini inaandika namba imefichwa basi. Huwezi kurudisha. Huwezi kujua ni hospitali au ni wale matapeli wa "unadaiwa kodi, polisi wako njiani". Halafu kazini kwetu simu unaifungia kwenye kabati ukiingia, ukikutwa nayo sakafuni mbele ya mzee unaandikiwa onyo. Nikitoka nasikiliza ujumbe, dada wa watu anaongea mbio mbio, tupigie kabla ya saa kumi jioni. Napiga saa tisa na nusu niko kwenye basi, inaita inaita, inaingia mashine, mashine inasema sanduku la ujumbe limejaa. Limejaa! Nifanyeje sasa, nirushe njiwa? Na baruapepe yangu wanayo, niliijaza kwenye kila fomu waliyonipa. Lakini hawa ni watu ambao mpaka leo wanatumiana faksi, kliniki inafaksi hospitali, hospitali inafaksi kliniki, na karatasi ikipotea katikati hapo anayejua ni Mungu.

Kwa mlioko nyumbani mnaosema "si Kanada matibabu bure", haya nieleze kidogo. Kuna sheria ya afya ya mwaka 1984, kila mkoa unalipia huduma za hospitali na daktari zile ambazo ni lazima kitabibu. Huku kwetu bima ya mkoa inaitwa OHIP. Na kweli inalipia upasuaji huu, sitaki kusema uongo. Kuna ule wa kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo la chakula na kukiunganisha na utumbo mbele huko, na kuna ule wa kukata sehemu kubwa ya tumbo linabaki umbo la ndizi. Ule wa kufunga mkanda OHIP hailipii. Kabla ya 2009 Ontario ilikuwa inasafirisha wagonjwa wengi kwenda kufanyiwa Marekani na kulipa bili za Wamarekani, ikaonekana hela inavuja, ndio mwaka huo wakaanzisha mtandao wa hospitali zao humu humu. Kwa hiyo daktari wa upasuaji yupo, chumba kipo, hela ya kisu ipo. Kasheshe ni kufika hapo kwenye kisu.

Mlango wa kwanza ni rufaa. Hujipeleki mwenyewe, lazima daktari wa familia au nesi mwenye mamlaka ya kuandika dawa akutume. Daktari wangu wa familia alistaafu, hakupata wa kumrithi, tukabaki yatima mtaa mzima. Ontario hii watu wasio na daktari wa familia wamewahi kupita milioni 2, wala si habari ya kushangaza tena. Nikaenda kliniki ya kuingia bila miadi, daktari hata hakuinua macho kwenye kompyuta, akasema sisi hapa ni mafua na kikohozi, rufaa hiyo inataka mtu atakayekufuatilia miaka na miaka. Nimfuate nani sasa, mstaafu wa watu nyumbani kwake? Na mafaili yake yamepelekwa kwenye kampuni ya kutunza makaratasi, ukitaka nakala ya faili LAKO mwenyewe unalipia. Presha yangu mimi ninayo tangu niko Tanga, dawa nameza kila siku, lakini karatasi ya kuthibitisha iko stoo ya watu inachajiwa. Mwishowe kliniki moja ya manesi ndiyo ikanitumia rufaa.

Na karatasi ndiyo kila kitu, maana kigezo nilichosomewa ni BMI (kilo zako ugawe kwa urefu wa mita mara urefu) 40 kwenda juu, au 35 kwenda juu kama una ugonjwa unaoendana na uzito, kisukari, presha, kukosa pumzi usingizini. Mimi nina mita 1.60 na kilo 98, piga hesabu inakuja 38 na ushee. Kwa hiyo mwili wangu peke yake hautoshi, lazima uje na shahidi. Nesi mmoja mpole tu wa watu akaniambia huku anatabasamu, ungekuwa na kilo nne na nusu zaidi tusingehangaika na haya yote. Nikamwangalia. Alikuwa anatania lakini hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa! Nikila vizuri mwezi mmoja mlango unafunguka, nikijitahidi kupungua mlango unabanwa. Halafu mtu anakaa ofisini anasema programu hii ni ya kuhamasisha watu wapungue.

Mnajua hizo namba 35 na 40 zimetoka wapi? Kikao cha taasisi za afya za Marekani mwaka 1991. Tisini na moja jamani, kuna madaktari wa zamu leo walikuwa hawajazaliwa. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu, ASMBS na IFSO, vimetoa mwongozo mpya kwamba 35 inatosha bila kudaiwa ugonjwa mwingine, na wenye 30 mpaka 35 wenye magonjwa yanayohusiana wafikiriwe. Chama cha madaktari cha Kanada chenyewe tangu 2015 kimetamka kwamba unene uliopitiliza ni ugonjwa sugu. Sawa, ni ugonjwa. Sasa ugonjwa gani huu unaambiwa rudi ukishapata mwingine?

Ndio nikaenda kupimwa usingizi, unalala kwenye kliniki na nyaya kichwani kama unataka kuruka mwezini, asubuhi wanakwambia pumzi inakatika. Nilifurahi, si mnaona nilikofikishwa, mtu anafurahia kuambiwa anakosa pumzi! Mashine ya kulalia mkoa unalipia asilimia 75 ya bei iliyopangwa, 25 inatoka mfukoni. Na lazima uitumie kweli, mashine ina chipu inawasemea.

Kuhusu mtaalamu wa lishe hapa nacheka ili nisilie. Wanakupa programu ya simu ujaze kila unachokula. Tafuta ugali, hakuna. Mlenda, hakuna. Kisamvu, hakuna. Nikaandika sima, ikaniletea jina la samaki gani sijui. Mwishowe ugali nikauandika kama uji wa mahindi wa Kitaliano na dagaa nikawaandika dagaa wa kopo wa mafuta. Kwenye kikao binti anasoma skrini ananiambia kwa upole, naona unapenda sana chakula cha Kitaliano. Nikamwambia mwanangu, mimi ni mtu wa Tanga, Italia naionea kwenye mpira. Akacheka, akawa mwungwana, akaniuliza ugali unapikwaje na kipande kinakuwa na ukubwa gani, tukapimana kwa ngumi. Huyo binti sina neno naye kabisa. Ila maelezo yale yote tuliyokubaliana naye yako ndani ya faili lililofungwa, na yeye nasikia kashahamia hospitali nyingine.

Tuje kwenye hela sasa maana mtu akisikia OHIP inalipia anadhani unaingia mikono mitupu. Kabla ya kisu wanakuweka wiki kadhaa kwenye Optifast, unga wa kukoroga, pakiti nne kwa siku na ndio chakula chako, ili ini lipungue daktari apate nafasi ya kufanyia kazi. Unalipa mwenyewe. Baada ya kisu vitamini na kalsiamu maisha yako yote, unalipa mwenyewe. Paking ya hospitali kila miadi, nayo ni biashara ya watu hiyo, usiniulize. Siku za ugonjwa ambazo sheria ya Ontario inanipa kazini ni 3 kwa mwaka na hazina malipo, miadi hii ni mingi kuliko hizo, kwa hiyo kila nikienda nakatwa shifti. Na ukishapasuliwa huruhusiwi kubeba kizito kwa wiki kadhaa, kazi yangu mimi ni kunyanyua wazee kutoka kitandani. Unaomba mafao ya ugonjwa ya serikali kuu, yapo mpaka wiki 26 lakini ni asilimia 55 ya mshahara, na mshahara wenyewe mnaujua. Ngozi ikilegea baadaye ikaning'inia? Hapo kuna ombi jingine la kibali, na wakiona ni urembo umekwisha.

Kuna watakaoniambia chukua sindano za kupunguza uzito. Wegovy iliingia maduka ya dawa ya Kanada 2024, wakati huo kwa mwezi ilikuwa kama dola 400, na kwa ajili ya uzito bima ya mkoa haitoi hata senti. Ozempic, ambayo ni sindano ya kisukari, mkoa unawalipia wenye kisukari aina ya pili na wawe kwenye makundi yanayolipiwa dawa. Mimi sukari yangu iko mpakani. Hata hapo tena nimekosa ugonjwa wa kutosha! Kliniki za binafsi niliulizia wakanitajia kati ya dola 15,000 na 20,000, nikakata simu kwa adabu. Wenzangu kazini wawili wamekwenda Tijuana, Mexico, mmoja yuko safi, mwingine alirudi na homa akalazwa huku huku kwa dharura, na huko dharura OHIP ililipa bila swali. Yaani nikienda kupasuliwa nje nikaharibikiwa nalipiwa mara moja, nikisubiri kwa utaratibu nafungiwa faili.

Na mimi angalau Kiingereza nakiongea nagombana nacho. Kuna mama mmoja wa Bukavu, Kongo, tunasali naye, naye yuko kwenye programu hiyo hiyo, siku ya mahojiano ya kisaikolojia mkalimani wa simu aliyeletwa anaongea Kiswahili cha kitabu, mama wa watu anabaki anamtazama yule dada wa ustawi wa jamii. Ikabidi binti yake wa sekondari aliyemsindikiza ndio atafsiri. Swali: je, unakula ukiwa na huzuni? Je, umewahi kutendewa ukatili? Mtoto anamuuliza mama yake hayo. Mama alijibu hapana kwa kila kitu, ungejibu nini mbele ya mwanao? Nao wakaandika mgonjwa hana ushirikiano.

Wale wa "punguza wali wa nazi", "kunywa mlonge", "maji ya ndimu na tangawizi", pita kushoto tafadhali, nimevinywa vyote na vingine vinauzwa na nyinyi nyinyi humu. Na shangazi zangu wa nyumbani wanaosema acha mwili wako, Kanada imekukubali, umependeza, nawapenda sana ila hawajawahi kunisikia nikipanda ngazi za ghorofa ya pili.

Haya, ninachotaka. Nimeshaandika malalamiko kwa ofisi ya hospitali inayopokea malalamiko ya wagonjwa, kwa maandishi, na nimeambatisha picha za orodha ya simu nilizowapigia zikaishia kwenye sanduku lililojaa. Najua kuna mtetezi wa wagonjwa wa mkoa lakini huyo anataka uanze na hospitali kwanza. Swali langu kwa walioko Ontario: kuna aliyewahi kufunguliwa faili lilelile bila rufaa mpya? Uliandika nini kwenye barua? Na vipimo vya damu na vya usingizi walivikubali vya zamani au walikurudisha maabara? Mwenye kujua kliniki ya manesi inayopokea wagonjwa wapya upande wa Hamilton au Brantford naye aje inbox, isije ikawa hii yangu ikagoma kutuma tena.

Walioko Alberta na Manitoba semeni na huko kwenu mambo yakoje, ila msiniambie nihamie, kuna jamaa alihama mkoa akiwa tayari kwenye orodha ya kusubiri, alipofika huku akaanzia mwisho wa foleni.

Jumatatu niko ofu, simu mkononi kuanzia saa mbili asubuhi, na namba iliyofichwa napokea zote hata awe tapeli wa kodi. Huyo naye akipiga ajue ataanza kusikiliza yeye.