Filamu ya Abushiri bin Salim: tufanyeje ili Pangani ya 1888 ionekane kweli?

MwanaTanga: Wadau wa historia na wa kamera, salaam. Kikundi chetu hapa Tanga kimeazimia kutengeneza filamu ndefu ya Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, kuanzia Wajerumani walipoingia Pangani Agosti 1888 mpaka aliponyongwa hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mtu aliyeitikisa pwani yote anastahili filamu kubwa, si igizo la dakika kumi. Naomba ushauri wa mandhari, mavazi, silaha, na hadithi ianzie wapi. Watu wa umati tunaoweza kuwalisha ni 80 kwa siku tatu.

Kizingiti: Anzeni na bendera, maana ugomvi ulianzia hapo. Kwa mkataba wa Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi kampuni ya Kijerumani utawala wa pwani. Emil von Zelewski, mwakilishi wa kampuni hiyo, alipofika Pangani akataka bendera ya kampuni ipandishwe na ya Sultani ishuke nyumbani kwa liwali, mtawala wa mji kwa niaba ya Sultani. Ya Sultani ni nyekundu tupu. Ya kampuni ni nyeupe yenye msalaba mweusi, na pembeni juu, upande wa mlingoti, pana mraba mwekundu wenye nyota nyeupe tano. Mkitundika ile ya dola ya Ujerumani yenye mistari mitatu mmepoteza maana: aliyetangulia ni mfanyabiashara, dola ikaja nyuma yake.

Agosti ni kusi, upepo unaovuma kutoka kusini. Mkipiga picha hizo Desemba, kaskazi itaipeperusha bendera kinyume, na mtu wa pwani ataliona hilo kabla hajasikia neno. Jua la Pangani linachomoza baharini, kwa hiyo vyombo vinavyoingia vipigeni alasiri, mwanga ukiwa mgongoni mwa kamera. Asubuhi mtapata vivuli tu. Jahazi nalo haliingii mtoni saa mnayotaka ninyi. Mdomoni pana fungu la mchanga, mngoje maji yajae. Likikwama maji yakianza kupwa, halitoki mpaka yajae tena, kama saa kumi na mbili nzima, na umati wenu unakula bure.

Mkonge usionekane hata jani! Uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Bonde la Pangani lilikuwa la miwa. Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa, na waliolilima ni watumwa. Lionyesheni hilo waziwazi. Msimfanye malaika.

SindanoNaUzi: Kwenye mavazi, nguo ya watu wengi ilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi, na kaniki, nguo nyeusi. Nunueni pamba tupu, si tetroni ya nyuzi za viwandani. Chemsheni majani ya chai, mloweke kitambaa dakika 20, mkianike kivulini. Weupe wa dukani unakufa na kamera haiungui. Tetroni haishiki rangi hiyo, na ikipigwa na jua inang'aa kama sahani. Joho na jambia ni vya wakubwa wachache. Mkimvika kila mtu, Abushiri hataonekana nani.

Silaha ni gobori, bunduki ya kushindilia kupitia mdomoni: baruti, kitambaa, risasi, unashindilia kwa mdeki, ule ufito wake, ndipo unaweka fataki. Kwa mtu aliyezoea ni nusu dakika hivi kila mlio. Filamu nyingi zinaharibikia hapa, mpiganaji anafyatua mara tano mfululizo. Huo muda wa kushindilia ndio utisho wenyewe, ushikeni kwa karibu: mkono unaotetemeka, mdeki unaogonga. Tumieni bunduki za mbao na moshi. Hata bila risasi, kitambaa kinachotoka mdomoni mwa gobori ya kweli kinajeruhi aliye karibu.

MwanaTanga: Shukrani. Vipi tukapige sehemu ya vita Bagamoyo, tuchukue na waigizaji waliosomea TaSUBa, chuo cha sanaa cha hukohuko?

Kizingiti: Waigizaji sawa. Ila Boma la Wajerumani la Bagamoyo lilijengwa 1897, lisiingie kwenye picha. Popote mtakapopiga, kuta za matumbawe na chokaa hazipigwi msumari, plasta inabanduka kipande kizima. Egemezeni taa kwenye miguu yake. Bodi ya Filamu ipelekeeni mswada mapema, kabla hamjakodi hata mashua.

Mzigua: Msiiite vita ya Waarabu. Hilo ni jina la Wajerumani. Waliopigana ni watu wa Mrima, yaani pwani hii ya bara, wa kila namna, na Bwana Heri wa Saadani alikaza mpaka 1890, Abushiri akiwa ameshanyongwa. Jeshi la Wissmann, kamanda wa Kijerumani aliyetumwa kuizima vita, nalo wengi walikuwa Wasudani waliokusanywa Misri na watu kutoka Msumbiji. Mkijaza Wazungu mmekosea. Tukio ambalo nisingeliacha ni la Hans Meyer, msafiri wa Kijerumani: mwaka 1888 alikamatwa akapelekwa Pangani, akatiwa minyororo, akatoka kwa fidia ya rupia 10,000. Mwaka uliofuata alifika kileleni Kilimanjaro. Chumba kimoja, watu watatu, hakidai umati.

SindanoNaUzi: Msimulizi asiwe wa kisasa. Upo Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Tafuteni mghani wa Kimrima. Ubeti una vipande vinne vya mizani (silabi) nane, akighani taratibu ni sekunde kumi hivi. Rekodini sauti kwanza, mkate picha kwa kuifuata. Mkianza na picha mtalazimika kumharakisha, na kina cha mwisho kitamezwa.