Kuwaonesha watoto wadogo viumbe wa baharini kwa siku moja: Dubai, Nungwi au Mbudya?

Mama Tegeta
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa miaka sita, na tangu walipoona picha za papa na kasa kitabuni hawana habari nyingine. Desemba tutakwenda Dubai kwa baba yao, na huko tunaweza kutenga siku moja kwa ajili ya lile tangi kubwa la samaki. Wifi yangu anasema hakuna sababu ya kungoja Desemba ilhali kisiwa cha Mbudya tunakiona kutoka ufukweni hapa Dar es Salaam, na jirani anashauri twende Nungwi, Unguja, kwa kasa na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa umri huu mngechagua wapi, na kwa sababu gani?

Baba Naima
Dada, ikiwa mnafika Dubai, msiliache. Tangi hilo limo ndani ya Dubai Mall, linachukua lita milioni 10 za maji, na chini yake kuna njia ya mita 48 ambamo papa na samaki wapana waitwao taa hupita juu ya vichwa vya watu. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba uso wake wa mbele unaonekana kutoka kwenye eneo la maduka bila tiketi yoyote. Kwa huyo wa miaka mitatu, sehemu hiyo ya bure inaweza kumtosha kabisa, kwa hiyo anzeni hapo, mumtazame, ndipo mwamue kama mnaingia ndani. Nendeni asubuhi, kwa kuwa jioni umati huwa mkubwa na mtoto mfupi haoni kitu ila migongo ya watu. Wabebeeni na sweta, maana ndani huwa na baridi.

Bi Msasani
Naheshimu maoni ya Baba Naima, lakini ukubwa wa tangi ni kipimo cha sisi watu wazima. Niliishi Cape Town wakati wanangu wakiwa wadogo, na tulikuwa tukienda Two Oceans Aquarium, iliyofunguliwa mwaka 1995. Papa walitazamwa kwa dakika chache tu. Kilichowashika kwa muda mrefu ni kidimbwi kifupi ambacho watoto huruhusiwa kutia mikono na kugusa viumbe walio hai, huku mhudumu akiwaelekeza namna ya kugusa bila kuumiza. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa vidole kabla ya macho, na kwa sababu hiyo mimi naungana na wifi yako.

Mzee wa Kunduchi
Bi Msasani amesema kweli, na vidimbwi vya namna hiyo tunavyo hapa, isipokuwa vinafunguliwa na kufungwa na bahari yenyewe. Binti yangu, usichague siku ya kwenda Mbudya kwa kutazama kalenda ya ofisini, tazama mwezi. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, na hapa kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa asubuhi, mnamo saa nne au saa tano. Huo ndio wakati ambao watoto wameamka vizuri, na miamba imebaki wazi ikiwa na vidimbwi vyenye kaa, viti vya pweza (wale viumbe wa umbo la nyota), majongoo bahari na samaki wadogo walioachwa na maji. Ukienda siku za maji mafu, yaani kati ya bamvua na bamvua, maji hupwa alfajiri na alasiri, tena hayaendi mbali, na watoto wataona ufuko tu.

Boti huondoka ufuko wa Kunduchi na safari yenyewe ni fupi. Kabla hamjapanda, dai jaketi okozi ya saizi ya mtoto, kwa maana ya mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiwa majini. Asipokuwa nayo mwenye boti, tafuta boti nyingine, wala usione haya. Miezi ya upepo wa kusi, hasa Julai na Agosti, bahari huchafuka mchana, kwa hiyo rudini mapema.

Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975. Mna kiingilio, na hairuhusiwi kuondoka na kombe wala kipande cha tumbawe. Wafundishe watoto kurudisha kila walichogusa mahali pake. Matumbawe yetu yameumizwa vya kutosha na uvuvi wa baruti.

Mpemba wa Magomeni
Kuhusu Nungwi, kasa wa kidimbwi cha Mnarani wanapendeza sana, na watoto hufurahi kuwalisha mwani. Hata hivyo, boti ya mwendo kasi kwenda Unguja huchukua kama saa mbili, kisha kuna barabara ya zaidi ya saa moja hadi kaskazini ya kisiwa, na kurudi ni vivyo hivyo. Kwa watoto hao, siku yote itaishia vitini. Laleni usiku mmoja, au ahirisheni.

Mwalimu Temeke
Msisahau soko la samaki la Feri asubuhi. Papa, taa na pweza wapo, ingawa hawako hai, na sakafu huteleza.

Mama Tegeta
Nawashukuru nyote, shikamoo Mzee. Tutaanza na Mbudya kwenye bamvua ijayo, na Dubai tutatazama kwanza upande wa bure. Je, watoto wavae nini miguuni kule miambani?

Mzee wa Kunduchi
Marahaba, binti yangu. Viatu vya mpira vilivyofungwa nyuma, visivyovuka mguu, kwa sababu kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya nyama. Kofia pia, na maji ya kunywa ya kutosha kutoka nyumbani, kwa kuwa kisiwani hakuna kisima. Maji yakianza kujaa, ondokeni miambani mara moja, maana hurudi kwa kasi.