Hawa wa seva wanatulazimisha tununue rami kwa namba ya kilele isiyoshuka!

Wakuu habari za muda huu, nipo Dodoma Area C na hawa jamaa tunaokodi kwao seva wamenichosha kabisa. Kila mwezi imeili ile ile, eti memori yenu imefika 98% hamieni kifurushi cha juu. Mfumo wenyewe ni wa kupokelea mizigo ya wakulima wa zabibu, muda mwingi umetulia tu, sasa hiyo 98% inatoka wapi?

Inatoka kwenye memory.peak! Hilo faili la kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux linashika matumizi makubwa ya rami kuliko yote tangu cgroup ya kontena (kundi la programu zetu ambalo kerneli inalihesabia rami yake) iundwe, likishapanda halishuki hata kama sasa hivi unatumia robo tu, na kinachoniuma zaidi linahesabu mpaka kashe ya mafaili. Yaani bekapu ya usiku inasoma mafaili, kerneli inayaacha kwenye rami kwa sababu ipo wazi, programu ikitaka nafasi inayaondoa, ndo kazi yake hiyo. Wao wanachukua kilele cha usiku mmoja wa zamani huko wanakiita mzigo wa leo!!

Nikawaambia basi kianzeni upya, jibu haiwezekani. Sawa, kerneli yao ni toleo la 6.8, humo faili hilo unalisoma tu, kuandika ili kilele kianze upya kumekuja 6.12 mwaka 2024, na hata huko kinaanza upya kwa yule aliyeshikilia faili wazi tu, akifunga akafungua tena anakuta kile cha zamani (hapo waliotengeneza nawapongeza, mtu hawezi kumfutia mwenzake hesabu). Lakini kwa prosesi (programu inayoendeshwa) moja moja mbona toka kerneli 4.0 unaandika 5 kwenye faili lake la clear_refs na VmHWM, yaani kilele chake cha rami, inarudi kwenye matumizi ya sasa? Na nani kawazuia kusoma anon (rami ya programu zenyewe, bila kashe ya mafaili) kwenye faili la memory.stat kila dakika wakaandika kubwa ya siku wenyewe?

Kama rami kweli haitutoshi nionyesheni oom_kill (hesabu ya prosesi zilizouawa kwa kukosa rami) kwenye faili la memory.events. Yetu ni sifuri! Nimewatumia, hawajajibu, wametuma bili.

Hela hii ni ya wakulima jamani, sio ya kuchezea. Aliyewahi kuwabana watu wa namna hii wakabadilisha dashibodi aniambie alianzia wapi, la sivyo nahamisha mfumo kabla mavuno hayajaanza.